Kuonya na Kukanya

Wahenga walituachia msemo kwamba dalili ya mvua ni mawingu, na kwa muda mrefu msemo huo ulitutosha. Aliyeona wingu jeusi likipanda alianua nguo, aliwaita watoto ndani, aliivuta ngalawa yake mpaka juu ya mchanga mkavu. Dalili na tukio vilifuatana kama umeme na ngurumo, na baina yake palikuwa na nafasi ndogo ya mtu kuokoa alichonacho.

Siku hizi wapo watu ambao kazi yao ni kuyatangulia mawingu. Asubuhi, mbingu zikiwa bado safi, wao husoma joto la hewa, unyevu wake na mwendo wa pepo, tangu ardhini hadi kilomita 10 na zaidi juu yetu. Kisha husema kwamba leo alasiri, mahali fulani, hewa iko tayari kuzaa dhoruba. Dhoruba yenyewe hawajaiona, kwa kuwa haipo. Walichokiona ni mazingira ambamo inaweza kuzaliwa. Na papo hapo yawapasa kuamua: watangaze onyo, au wasubiri wingu?

Hili, msomaji wangu, ni swali la maadili kabla ya kuwa swali la elimu ya anga. Je, ni haki kumtia mtu hofu kwa jambo ambalo bado halipo? Na je, ni haki kunyamaza mpaka liwepo? Mimi ni mtu wa mashairi na tafsiri, na elimu ya anga nimeisoma kama nilivyosoma mengineyo, bila ya mwalimu, kitabu kimoja baada ya kingine. Lakini nadhani swali hili linatuhusu sisi wenye kushughulika na maneno kuliko tunavyodhani, kwa sababu mwisho wa hesabu zote huja neno, na neno hilo humfikia mtu aliye shambani au chomboni.

Msomaji wa visiwani ataniuliza kwa nini nimpandishe mlimani kutafuta tufani, ilhali bahari iko mlangoni pake. Nitamrudisha baharini kabla sijamaliza. Lakini kwanza nataka tulitazame jambo hili kutoka Kitulo, kwa kuwa huko linaonekana wazi zaidi.

Uwanda wa Kitulo uko katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, kwenye mpaka wa mikoa ya Njombe na Mbeya, mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, baina ya milima ya Kipengere, Poroto na Livingstone. Wenyeji huuita Bustani ya Mungu kwa ajili ya maua yake, na mwaka 2005 sehemu yake, kilomita za mraba 412.9, ilifanywa hifadhi ya taifa. Anayetoka Makambako, mji wa upepo na wa reli ya TAZARA, akapita Njombe na kuelekea Makete, huhisi baridi ikimwingia hatua kwa hatua, hata afikapo juu akajikuta katika nchi ya majani mafupi, viazi, ngano, pareto na ng'ombe wa maziwa. Msimu wa mvua huko ni mmoja tu kwa mwaka, kuanzia mwezi wa Novemba na kuendelea, na huo ndio msimu wa maua, wa kulima, na wa radi.

Sasa tumtazame mtabiri wa hali ya hewa, na yale anayoyapima. La kwanza ni unyevu. La pili ni tofauti ya joto baina ya hewa ya chini na ya juu: hewa ya chini ikiwa na joto na unyevu mwingi, na ya juu ikiwa baridi sana, ile ya chini hupanda kwa nguvu pindi ipatapo cha kuisukuma, na mteremko wa mlima uliopashwa na jua la mchana ni msukumo wa kutosha. La tatu ni upepo, na namna unavyobadilika kimo kwa kimo. Dhoruba ambayo pepo zake za juu na za chini zinakwenda sawasawa huinyeshea mvua hewa ileile inayoilisha, ikajizima yenyewe, aghalabu kabla ya saa moja kupita. Pepo zikitofautiana, dhoruba huinama. Mvua huanguka pembeni, hewa ya joto ikaendelea kupanda bila ya kuzuiwa, na dhoruba ikaishi muda mrefu na kutembea mbali.

La nne ndilo linalotutenganisha sisi na watu wa Kitulo. Katika nchi zetu za joto, hewa hufikia baridi ya kugandisha maji kwenye kimo cha mita 5,000 hivi. Chembe ya barafu inayodondoka kutoka kimo hicho juu ya Unguja ina safari ya takriban kilomita 5 katika hewa inayozidi kuwa na joto, na huyeyuka njiani ikatufikia kama tone la mvua. Juu ya Kitulo safari hiyohiyo ni ya kilomita 2 na kidogo. Barafu hufika ingali barafu, ikapiga majani ya viazi, mgongo wa ng'ombe na bati la nyumba. Ndiyo maana mvua ya mawe ni jambo la kawaida huko, na kwetu visiwani ni kama hadithi.

Mambo haya hayaonekani kwa macho. Hupimwa kwa puto linalopandishwa na vyombo vya kupimia, kwa satelaiti, kwa vituo vya ardhini, na kwa hesabu za kompyuta zinazojaribu kujaza pengo baina ya kituo na kituo. Mtu anaweza kusema: basi na tuyaache mazingira, tungoje radari ituonyeshe dhoruba yenyewe. Ni kweli kwamba Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, iliyokuwa na radari mbili tu hapo nyuma, Dar es Salaam na Mwanza, imeongeza nyingine katika miaka ya karibuni, Mbeya ikiwemo. Lakini mawimbi ya radari huenda mstari ulionyooka, na mlima ukiingia kati huacha kivuli nyuma yake. Kadhalika ardhi imejipinda, hata radari ikitazama umbali wa kilomita 100 huwa inaona yaliyo zaidi ya kilomita 1 juu ya ardhi, na yaliyo chini yake yakaipita. Fauka ya hayo, kama tulivyoona, dhoruba nyingi za kwetu huzaliwa, hukua na kufa ndani ya saa moja. Mpaka ionekane, itambuliwe, onyo liandikwe, lisomwe redioni na kumfikia mchungaji aliye uwandani, mawe yamekwisha kuanguka.

Hatuhitaji kubuni mfano wa hasara ya namna hii. Usiku wa tarehe 3 Machi 2015, katika kata ya Mwakata, wilaya ya Kahama, mvua ya mawe na upepo iliziangusha nyumba za udongo juu ya watu waliokuwamo, na zaidi ya watu 40 wakafa. Jambo la saa chache liliwaacha wengine bila ya nyumba na bila ya shamba. Anayesema tusubiri mpaka tuone, na aiseme kauli hiyo huku akiikumbuka Mwakata.

Hata hivyo hoja ya upande wa pili ina uzito, nami sitaki kuipitia juujuu. Mazingira ya dhoruba si dhoruba. Siku nyingi hewa huwa tayari na hapatokei kitu: wingu lilianza kukua likazimika, au jua lilichelewa, au mvua ilikwenda kunyesha bonde la pili. Sisi tunaopenda mashairi tunaweza kulielewa hili kwa mfano wa karibu. Aliyesikia mishororo miwili ya mwanzo ya ubeti anakijua kina cha mshororo wa tatu. Neno lenyewe halijui. Kina kinapunguza maneno yanayowezekana, hakichagui. Kumhukumu mtu kwa kampuni yake tu ni dhuluma, na kuihukumu siku kwa hewa yake tu, wanasema wenye hoja hii, ni dhuluma ya namna hiyohiyo.

Na dhuluma hiyo ina mlipaji. Onyo lisilotimia halimgharimu kitu aliyeko ofisini. Kwa mkulima wa Makete ni siku nzima ya palizi iliyopotea, vibarua waliorudishwa nyumbani, maua ya pareto yasiyochumwa. Kwa mwenye ng'ombe ni mifugo iliyofungiwa bila ya malisho. Maskini hulipia tahadhari kwa fedha taslimu, na onyo likishindwa mara tatu, mara ya nne halipi tena. Husikiliza kwa heshima akaendelea na jembe lake. Tuliyaona haya pwani mwezi wa Aprili 2021, kimbunga Jobo kilipotangazwa kikielekea kwetu. Watu walijiandaa, shughuli zikapungua, kisha kimbunga kikadhoofika baharini, na kilipofika ufukweni hakikuwa kimbunga tena. Baadhi walishukuru. Wengine walifanya mzaha, na mzaha huo ulikuwa ni mkopo ambao onyo lijalo lingelazimika kuulipa.

Basi tukamate upande gani? Hapa naona faida ya kuitazama Uingereza ya karne ya 19, ambako swali hili lilipata kujibiwa vibaya, kisha likajibiwa tena. Mwaka 1859 tufani iliizamisha meli Royal Charter karibu na Anglesey na kuua mamia ya watu. Baada ya maafa hayo Robert FitzRoy, nahodha yuleyule aliyemchukua Charles Darwin katika meli Beagle, alianza mwaka 1861 kutuma maonyo ya tufani bandarini. Hakuwa na satelaiti wala puto. Alikuwa na vipimo vya mgandamizo wa hewa, joto na upepo vilivyomjia kwa simu ya waya kutoka vituo vichache, na kwa hayo alijaribu kuyasoma mazingira ya tufani kabla haijafika. Alikosea mara nyingi, akadhihakiwa, na mwaka 1865 akajiua. Mwaka uliofuata wanazuoni waliopewa kazi ya kuichunguza ofisi yake walisema kwamba maonyo yale hayana msingi imara wa kisayansi, na yakasimamishwa.

Waliolalamika walikuwa ni watu wa bahari. Wavuvi na mabaharia, ambao ndio waliopoteza siku za kazi kwa kila onyo la bure, walitaka maonyo yarudishwe, na mwaka 1867 yakaanza kurudishwa. Tukio hili limenifundisha jambo ambalo sikulipata katika vitabu vya falsafa. Wanazuoni wale walidhani kwamba wao ndio wenye haki ya kuamua kiasi gani cha shaka kinatosha kumnyamazisha mwenye kuonya. Lakini shaka ile haikuwa yao. Maisha yaliyokuwa hatarini yalikuwa ya wavuvi, na siku zilizopotea zilikuwa za wavuvi. Na wavuvi walisema kwamba habari yenye shaka ni bora kwao kuliko kimya chenye hakika. Anayeificha habari mpaka awe na yakini amekwisha kuwaamulia wenziwe, naye hakuulizwa.

Kwa hivyo nasema kwamba ni haki, na ni wajibu, kuonya kwa kuyatazama mazingira ya anga. Lakini haki hiyo ina sharti, na sharti lake limo ndani ya lugha yetu wenyewe.

Tunayo maneno mawili ambayo hutembea pamoja kama mapacha: kuonya na kukanya. Mazoea yametufanya tuyachukulie kuwa ni neno moja lililosemwa mara mbili. Tuyachungulie. Kama vile ponya ilivyotoka katika pona, yaani kumfanya mtu apone, ndivyo onya ilivyotoka katika ona: kuonya ni kumfanya mtu aone. Kanya nayo imetoka katika kana: kukanya ni kumfanya mtu akatae, kumzuia. Mwenye kukanya humfungia mtu njia. Mwenye kuonya humpa macho, na njia akamwachia mwenyewe. Na neno utabiri, ambalo tumelizoea kwa maana ya kujua ya kesho, mzizi wake katika Kiarabu ni wa kufasiri, hasa kufasiri ndoto. Mtabiri kwa asili yake ni mfasiri. Mimi nimekula chumvi nyingi katika kazi hiyo, na najua kwamba mfasiri hatakiwi kuwa na yakini juu ya kila neno. Anatakiwa asifiche mahali alipobahatisha.

Tulete sasa maneno haya mbele ya maonyo yetu. Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa hutumia ngazi tatu: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Hutaja mikoa, kisha hueleza uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari, kwa maneno kama wastani. Utaratibu huu ni mzuri, na ni wa heshima kwa kuwa unakiri shaka. Lakini tuusome kama atakavyousoma mtu wa Kitulo. Taarifa ikitaja mkoa wa Njombe, inautaja mkoa ambao upande mmoja unagusa Ziwa Nyasa, chini ya mita 500 juu ya usawa wa bahari, na upande wa pili unapanda hadi uwanda wa Kitulo na kilele cha Mtorwi, mita 2,961. Tumekwisha kuona kilomita 2 za kimo zinafanya nini kwa barafu. Hewa inayozaa mawe Kitulo inaweza kumletea mvuvi wa Ludewa upepo na mawimbi tu. Jina ni moja, hatari ni mbili. Na wastani ni nini? Kwa mwenye hesabu ni neno lenye mipaka. Kwa mwenye shamba huenda likawa na maana ya kwamba hapana neno.

Mtabiri anayeyajua mazingira ya anga ana habari zaidi ya hizo. Ameona kwa nini hewa ya leo ni ya hatari, ni saa ngapi itaiva, ni kimo gani kitaathirika, na ni ishara gani itaonekana kwanza. Habari hizo zikabaki ofisini na likatoka neno tupu tahadhari, basi mtu amepewa hukumu bila ya ushahidi. Amekanywa kwa jina la kuonywa. Tuseme onyo lingeandikwa hivi: Leo kuanzia saa nane mchana mpaka magharibi, hewa ya juu ya Kitulo na milima ya Makete ina joto na unyevu wa kuzaa radi na mvua ya mawe. Si lazima inyeshe. Asubuhi fanya kazi zako. Lakini ukiliona wingu linakua kama mnara, kichwa chake kikichanua, usingoje ngurumo ikukaribie: toa mifugo uwandani, usijikinge chini ya mti uliosimama peke yake, ingia nyumbani. Maneno haya hayana elimu ngumu. Lakini aliyeyasikia amepewa sehemu ya macho ya mtabiri, naye atamalizia kuona kwa macho yake. Mazingira yameonwa na ofisi tangu alfajiri. Wingu litaonwa na mchungaji saa saba. Kila mmoja ameona asichoweza kuona mwenziwe.

Na siku ambayo wingu halikukua, mchungaji huyo hataona kwamba amedanganywa. Aliambiwa kwamba hewa iko tayari, nayo ilikuwa tayari. Hakupoteza siku nzima. Alifanya kazi asubuhi, mchana akawa na jicho moja juu. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Onyo la namna hii lina kitu kilichopo tangu linaposemwa, nacho ni ile hali ya hewa yenyewe, hata kama kijacho hakikuja.

Nitajibiwa kwamba watu hawataki maelezo, wanataka kuambiwa la kufanya. Na kwamba shaka ikitajwa itawachanganya wasiosoma. Sikubaliani na hilo. Mkulima wa Kitulo huishi ndani ya shaka maisha yake yote. Hupanda bila ya kujua mvua itakata lini, hugawa mbegu zake katika vipande vya ardhi vilivyo mbalimbali ili pakiharibika pamoja pasiharibike pote. Mtu huyu hahitaji kufichwa shaka kama mtoto. Anahitaji kuijua ni kubwa kiasi gani na iko wapi.

Lakini ipo hoja nyingine ambayo naikubali, na hapa ndipo ninapomrudisha msomaji baharini kama nilivyomwahidi. Kuna mahali ambapo kuonya hakutoshi, na kukanya ni lazima. Abiria aliyekata tiketi ya boti hana namna ya kuisoma bahari ya mkondo. Amelala chini ya sitaha na maisha yake yamo mikononi mwa nahodha na mwenye chombo, ambaye naye ana nauli ya kufikiria. MV Skagit ilipopinduka karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012, katika upepo na mawimbi makali, waliozama hawakuwa wamechagua kusafiri kwa kupima hatari. Ndiyo maana naona ilikuwa sawa, mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokaribia, safari za boti baina ya Dar es Salaam na Unguja kusitishwa kwa amri, wala si kwa ushauri. Kimbunga hicho kilifika Mafia, na pwani ya kusini ikapata mafuriko na barabara kukatika. Lakini hata kama kingedhoofika kama Jobo, amri ile ingebaki kuwa ya haki, kwa sababu ilipimwa kwa hali ya bahari na anga ilivyojulikana siku ilipotolewa.

Basi mpaka wa maneno yale mawili mapacha naona uko hapa: palipo na mmoja mwenye kuamua kwa ajili ya wengi wasioona, mkanye, palipo na mtu anayejiamulia mwenyewe, muonye. Juu ya uwanda wa Kitulo hakuna boti ya kuzuia. Kila mchungaji ni nahodha wa ng'ombe wake, kila mama ni nahodha wa shamba lake. Kuwapa amri tupu ni kuwafanya abiria.

Kuna jambo moja la mwisho, nalo ni zito kwa mwenye kuonya. Mazingira ya anga yakisema labda, yeye hukaa baina ya lawama mbili: akinyamaza na dhoruba ikaja, ataulizwa, akisema na isije, atachekwa. Kwa kuwa kucheka ni kwepesi kuliko kuuliza, nafsi humshawishi atangaze kila siku, ili litokeapo lolote aweze kusema nilisema. Onyo la namna hiyo linamlinda mwenye kulitoa, halimlindi mwenye kupewa, na ni khiyana hata siku linapotimia. Upande wa pili yupo anayechelea kucheka watu, akangoja radari imwekee wazi, akasahau kwamba mlima umemfunika macho. Hao wawili wanafanana: wote wameiweka nafsi yao mahali pa mkulima. Njia ya kuwapambanua na mwenye kuonya kwa haki ni kuwauliza swali moja, kabla ya alasiri kufika na kabla ya kujulikana kama mawe yalianguka au hayakuanguka: ulichokiona, umemwonyesha?

Nasi wa visiwani tusijione tumesalimika na mjadala huu. Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikavunja vyombo bandarini na kung'oa mikarafuu shamba kwa shamba, ilhali Pemba ilinusurika kwa sehemu kubwa. Na tangu hapo Pemba ndiyo iliyokuwa nchi ya karafuu. Kabla ya siku ile ilijulikana, kwa yakini ya watu wote, kwamba vimbunga havifiki karibu na Ikweta kiasi hiki. Hapakuwa na mtu wa kuonya, na lau angekuwapo, angekuwa na hewa tu ya kutuonyesha, wingu likiwa bado mbali. Sijui kama tungemsikiliza. Lakini angekuwa ametimiza haki yake kwetu, na iliyobaki ingekuwa yetu.